Chini ya Sakafu ya Bi Fumie

Mlango wa nyumba hii alichonga baba yangu.
Hadi leo unateleza kwa kidole kimoja.
Lakini nyumba njema si mlango,
na mimi nimekuja na mtaimbo.

Bi Fumie Kuwahara amesimama uani chini ya mwavuli,
barakoa imempanda hadi machoni.
Haruhusiwi kuvuka kizingiti.
Ni amri ya daktari, kijana wa mjini Kochi
mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi.

Miaka mitatu ilikuwa hivi:
mvua za Juni zikishuka bonde la Niyodo,
kikohozi kinabisha hodi.
Julai, homa za jioni.
Agosti, anapanda ngazi saba na kupumzika mara mbili.
Novemba, baridi ikiingia, anapona,
anasahau, anaanika figili barazani.
Wakasema ni pumu. Wakasema ni uzee.
Dada yake akasema ni huzuni, mjane hukohoa.

Mwaka huu wakamlaza. Siku ya tano
alikuwa akitembea ukumbi mzima akipiga soga na wauguzi,
wala hakupewa dawa, ila kitanda na chai.
Ndipo yule kijana akasema: Rudi nyumbani, mama.
Lala usiku mmoja. Kisha uje unieleze.

Akarudi. Akapika wali, akafuta picha ya mumewe,
akatandika godoro juu ya mkeka.
Ilipofika saa tatu usiku kifua kilikuwa gunia la mchanga.
Alijua kabla ya daktari.
Alikaa gizani akiisikiliza nyumba.

Nang'oa ubao wa kwanza, karibu na bafu.
Unakatika kama mkate uliolowa chai.
Chini yake, weupe:
si wa maziwa, si wa pamba,
weupe wa unga uliomwagwa na mtu asiyetaka kuonekana.
Ukungu wa mlimani huondoka saa nne, jua likikaza.
Ukungu huu umejenga.

Kwenye boriti kuna penseli ya baba:
namba nne, mshale, tarehe kumi na mbili Mei.
Upande huu hakuacha tundu la upepo.
Alisahau. Au mwenye nyumba alikataa gharama.
Namtetea marehemu, nimepiga magoti juu ya kosa lake.

"Kukoje huko?" anauliza Bi Fumie.
"Kubaya."
"Kubaya vipi?"
Simjibu. Nimeona bomba.

Bomba limefungwa kitambaa,
mkono wa shati, fundo juu ya fundo,
mafundo ya mtu asiyejua kazi ya bomba
lakini asiyetaka mkewe akanyage maji.
Tone bado linapita. Kitambaa
kimeota manyoya ya kijivu.
Mzee Kuwahara alikufa miaka minne iliyopita.

"Kuna kitambaa," nasema hatimaye.
Mwavuli unatikisika.
"Cha buluu?"
Nakwangua kwa ncha ya glavu.
"Buluu."
"Mistari?"
"Mistari myembamba."
Ananyosha mkono juu ya kizingiti,
mkono tu, mwili umebaki nje kama ulivyoagizwa.

Nimebomoa nyumba nyingi. Wajane huomba saa,
huomba msumari uliotundikwa kofia.
Sijawahi kuombwa kitu
kilichokuwa kikimnyonga mwombaji.

Nakikata kwa kisu. Nakitia katika mfuko wa nailoni,
naufunga, nautia katika wa pili, naufunga,
kisha wa tatu,
na huu wa tatu, sijui kwa nini,
naufunga kwa fundo lilelile baya la mumewe.

Anaupokea. Anauinua kwenye mwanga wa mvua,
anaugeuza, anaona fundo.
"Hakuwahi kujua kufunga," anasema,
na anashusha pumzi ndefu,
ndefu,
nasubiri kikohozi, hakiji.

Narudi chini. Zimebaki mbao kumi na sita.
Bomba, sasa liko uchi, linadondosha kwa nguvu.